Nafasi ya Nyandwi

Nilidhani Revokatha angeleta dawa.
Alikuja na baiskeli isiyo na breki,
akavua ndala mlangoni, akaomba maji,
kisha akaanza kuniuliza mimi.
Nyandwi hucheka akiona nini?
Mtoto wa miaka minne hapa Gungu
akiamka huenda wapi?

Nikamjibu: bombani.
Kila mwenye miguu huenda bombani.
Nikajisikia nilivyosema, nikanyamaza.

Nyandwi wangu ana miguu.
Inachelewa tu, kama treni ya kutoka Tabora.
Na neno analo, moja: ba.
Ba ni maji, ba ni baba yake,
ba ni kunguru kwenye dagaa.
Miaka minne nimembeba mgongoni
na mama mkwe akimfunika khanga majirani wakipita,
kana kwamba mvua imeanza.

Revokatha hakusema tumekosea.
Alisema: mtafutie dumu la kadiri yake.
Nikaosha kidumu cha mawese kwa majivu,
mara tatu, na wekundu ukabaki.

Siku ya kwanza mkono wangu ulitangulia.
Revokatha akaushika, mkono wangu, si wa mtoto.
Hesabu mpaka kumi, Mama Nyandwi,
ndipo umnyanyue.

Sikujua kumi ina urefu ule.
Moja, kaanguka. Mbili, kanitazama.
Tatu, nne, watu wote wananitazama mimi.
Tano, Mama Evodia kwa sauti:
hata mbuzi husaidiwa kuvuka mtaro!
Sita nikameza mate.
Saba nikayameza tena.
Nane, akashika tofali.
Tisa.
Tisa
(niliirudia, Mungu anisamehe)
akasimama.

Usidhani basi yakaisha.
Wiki ya pili alimwaga ndoo ya Mama Evodia,
ndoo iliyosubiri tangu alfajiri.
Wiki ya tatu alimng'ata Zabloni, mtoto wa fundi cherehani.
Wiki ya nne nilifunga mlango,
nikasemea dirishani: hawamtaki.

Revokatha akaegemeza baiskeli ukutani.
Kabla hajamng'ata, kulitokea nini?
Nikataka kumfukuza. Nikakumbuka.
Walikuwa wamempita kwenye foleni.
Hana neno la kusema zamu yangu.
Ana meno.

Usiku ule ndipo nikakiona kizibo,
kizibo cha bluu, kimedondoka chini ya kitanda.
Asubuhi nikawaambia watoto:
anayekishika hiki, zamu ni yake.
Niliwaambia mimi.
Revokatha alikaa pembeni kwenye jiwe
akijifanya anafunga kamba za viatu,
naye alivaa ndala.

Wakakigombea siku mbili, wakakipoteza,
wakakiokota mtaroni. Halafu wakakizoea.
Nyandwi alikibana kwa ngumi zote mbili,
akasubiri. Mtoto wangu alisubiri!
Baba yake nilipomweleza jioni
alitafuna ugali kimya, muda mrefu,
akauliza kizibo kingine tunacho?

Desemba homa ikamlaza.
Siku ya tatu nilikwenda peke yangu na ndoo kubwa.
Foleni ilikuwa imepinda hadi kwa muuza mkaa:
ndoo, ndoo, dumu, ndoo,
na katikati yake jiwe.
Nikaliinamia nilisogeze.
Usiguse, akasema Zabloni,
yule yule, mwenye kovu la meno mkononi.
Hapo ni pa Nyandwi.

Jiwe lilikuwa la tatu kufika.
Kidumu nilikiacha nyumbani.
Nikakimbia, khanga mkononi,
mama mkwe akashtuka: kumeungua wapi?
Zamu, nikasema. Zamu yetu.
Nyandwi mkekani, midomo mikavu, akasema ba.
Sikujua ni ba ipi.
Nikampa kizibo akishike,
nikatoka mbio.